Ngoja nione tu ana nini

Miezi minane ya kwanza ya kujifunza poka nililipia mishkaki mara sita. Naanza na hilo ili ujue mapema unamsoma mtu wa aina gani, mimi sio bingwa na sina kozi ya kukuuzia, ni mtu aliyekula hasara mpaka akaenda dukani kununua daftari.

Utaratibu wetu uko hivi. Tuko watu saba, Jumamosi jioni, kibarazani kwa Mwalimu, Magomeni. Hela hatuchezi. Mwanzoni kuna mtu alitaka tuweke buku tano tano, Mwalimu akakataa katakata, akasema hapa kwangu pana watoto na kamari ya hela inataka leseni, mkitaka hayo kasino zipo mjini nendeni. Kwahiyo tunachezea vifuniko vya soda, vya njano ni moja, vyekundu ni tano, vya kijani ishirini, tulivikusanya kwenye grosari moja mpaka mhudumu akaanza kutuuliza kama kuna promosheni. Kila mtu anaanza usiku na thamani ya vifuniko 200, mkimaliza mnahesabu, inaandikwa, na Jumamosi ya mwisho ya mwezi wale wawili wa chini kabisa wananunua mishkaki na chipsi za meza nzima. Chipsi za kula namaanisha, manake hata zile za kuchezea wenyewe wanaziita chipsi, ndo maana sisi tumebaki na jina la vifuniko.

Poka ninayoongelea ni ile ya Texas, una karata mbili zako hakuna anayeziona, afu mezani zinafunguliwa tano za wote, tatu kwa mpigo ambazo ndo flopu, kisha ya nne, kisha ya tano ambayo inaitwa riva, na kila hatua watu wanaweka dau au wanaacha. Nafafanua kwa sababu rafiki yangu mmoja wa Nairobi nilipomwambia najifunza poka alicheka, akasema hiyo si hata watoto wanajua, kumbe kwao poka ni ule mchezo wa kumaliza karata mkononi, ukibakiza moja unatangaza "niko kadi", yaani kwetu sisi ndo lasti kadi. Vitu viwili tofauti kabisa. Sisi tumekulia hiyo lasti kadi pamoja na wahedi na sitini, na majina ya karata tunayo tangu enzi za Mreno, kopa, uru, shupaza, pau, ni maneno yao hayo walituachia, kwahiyo kuzijua karata haikuwa shida. Shida ilikuwa kujua saa ya kuziweka chini.

Mezani kwetu kulipa dau la mwenzako ni kufata, kuongeza ni kupandisha, kupita bila kuweka kitu ni kugonga kwa sababu unagonga meza kwa kidole, na kuacha karata zako ni kulala. Vifuniko vinavyogombewa vinawekwa kwenye sufuria ndogo ya mke wa Mwalimu, kwahiyo chochote kilicho katikati sisi tunakiita sufuria. Watu wawili kushoto kwa mgawaji wanalazimishwa kuweka kimoja na viwili kabla hawajaona karata zao, hizo ni blaindi, bila hizo kila mtu angekaa anasubiri esi mbili mpaka asubuhi.

Sasa usiku wa lile daftari.

Nina esi ya uru na kumi ya pau. Wa kwanza kuongea ni jamaa tunayemwita Baharia, ana umri wa kaka yangu mkubwa, alifanya kazi melini miaka mingi na poka alijifunzia huko huko, mtu mpole, anakunywa chai ya tangawizi usiku kucha. Akapandisha hadi sita. Wote wakalala, mimi ndo mgawaji, nikafata. Flopu ikaja esi ya shupaza, nane ya uru, tatu ya kopa. Moyo ukaruka, esi yangu imepata mwenzake! Baharia akaweka kumi, nikafata. Karata ya nne jeki ya pau, akaweka ishirini na tano, nikafata. Riva tano ya uru, haisaidii mtu yeyote, akaweka sitini, na hapo nakumbuka vizuri kabisa tumbo langu lilijua. Sio kichwa, tumbo. Lilishajua kwamba huyu mzee anayo. Mkono ukahesabu vijani vitatu ukavitia kwenye sufuria.

Esi na kingi. Jozi ya esi tunayo wote, ila kingi yake inaipiga kumi yangu.

Sita, kumi, ishirini na tano, sitini, jumla 101. Nusu ya mtaji wa usiku mzima kwenye mkono mmoja. Baharia wala hakufurahi, akavuta vifuniko taratibu afu akaniuliza, "Mdogo wangu, ulidhani nina nini?"

Nikamjibu, "Nilitaka nione tu."

"Basi umeona."

Watu walicheka, mimi nilicheka pia, lakini swali lile nililala nalo. Ulidhani nina nini. Sikuwa na jibu, sio kwamba nilidhani vibaya, sikudhani kitu chochote. Nilikuwa naangalia karata zangu mwanzo mwisho kama mtu anayesoma meseji kwenye simu huku anavuka barabara.

Kabla ya hapo nilikuwa najisomea kweli, usinione hivi. Nilishakariri kwamba karata mbili za kuanzia zinaweza kuja kwa michanganyiko 1,326, na ukizipanga kwa aina zinabaki 169. Najua esi mbili zinakuja kwa wastani mara moja katika migao 221, na sisi kwa usiku mmoja tunafikisha kama migao mia, kwahiyo ni kama Jumamosi mbili mtu anasubiri esi zake, na zikija, akikutana na mwenye kingi mbili, wakaweka vyote, bado anapoteza karibu mara moja kati ya tano. Nilikuwa na karatasi ya rangi rangi inayoonyesha mkono gani ucheze ukikaa wapi, nimeiweka hadi kwenye skrini ya simu. Yote hayo ni kweli na yanasaidia. Lakini yote yalikuwa yanahusu karata ZANGU.

Nikanunua daftari, lile la mistari la kurasa 96. Kila mkono nilioupoteza kwa zaidi ya vifuniko ishirini naandika, na nikagawa safu tatu. Ya kwanza bahati, yaani niliweka nikiwa mbele, riva ikanisaliti. Ya pili kosa, nilihesabu vibaya au sikuelewa. Ya tatu nikaiita kuona, yaani nilishajua au nilishahisi nimepigwa ila nikalipa hivyo hivyo. Na ili nisijidanganye nikawa naandika pia bahati ikija upande wangu, pale nilipokuwa nyuma nikaokolewa na karata moja. Hiyo ndo ilikuwa ngumu kuliko zote, manake ukishinda kwa bahati kichwa kinaandika kwamba ulicheza vizuri.

(Mke wangu alilikuta juu ya friji. "Baharia 101. Shemeji 44. Mwalimu 60." Aliweka chakula mezani, akakaa, akaniangalia, akasema kwa upole wa kutisha, "Mume wangu, tunadaiwa?" Ilinichukua nusu saa kumwelewesha kwamba ni vifuniko vya soda, na sidhani kama nilimpunguzia wasiwasi, nadhani nilibadilisha aina yake tu.)

Jumamosi kumi na mbili baadaye nikapiga hesabu. Mimi nilikuwa nina uhakika, yaani uhakika wa kuapa, kwamba nina mkosi. Safu ya bahati: nimepoteza 610. Bahati zilizokuja kwangu: 580. Aisee. Zinakaribiana kabisa, mkosi wote ni vifuniko thelathini kwa miezi mitatu. Safu ya kosa 390. Safu ya kuona 1,740.

Niliirudia ile hesabu mara mbili nikidhani nimejumlisha vibaya.

Baharia ndo alinielewesha kuhusu bei. Tulikuwa tunarudi kwa mguu kituoni, akaniambia acha kuangalia dau kama kitisho, dau ni bei, mtu anakutajia bei na wewe unatakiwa ujue unauziwa nini. Tuseme sufuria ina 40, mwenzako anaweka 20. Wewe ukitoa 20 unagombea jumla ya 80, kwahiyo umetoa robo. Basi unatakiwa ushinde angalau mara moja kati ya nne, chini ya hapo umeuziwa ghali, hata kama leo utashinda. Basi. Hakuna uchawi hapo, muuza nyanya yeyote wa Kariakoo anaifanya hesabu hii akiwa anaongea na simu.

Na hapo hapo nikagundua kosa lingine nililokuwa nalifanya kila wiki. Una kopa mbili mkononi, flopu imeleta kopa mbili, unasubiri ya tano ukamilishe flashi. Kopa ziko 13, nne unaziona, zimebaki tisa kati ya karata 47 usizozijua. Kuna njia ya mkato wanaitumia watu, zile karata tisa zizidishe kwa mbili kama unasubiri karata moja, zizidishe kwa nne kama unasubiri mbili, unapata asilimia, 18 na 36, kihalisia ni 19 na 35, inatosha kwa kibarazani. Mimi nilikuwa nazidisha kwa nne siku zote, nikiona 36 nasema robo si ndogo hiyo, nafata. Kumbe ile nne ni ya mtu ambaye ameshalipa kila kitu, vifuniko vyote vimeingia na hatatozwa tena. Mimi nilikuwa nalipa 20 kwenye flopu, karata ya nne haijaja kopa, natozwa tena 50. Nilikuwa nalipa nauli ya safari nzima kituo cha kwanza, afu konda anakuja tena katikati ya safari.

Lakini subiri, sio kwamba ukiona asilimia 19 na bei ya robo basi ulale kila mara. Inategemea kopa ikija huyu mwenzako atakulipa au hatakulipa. Baharia akiona kopa ya tatu mezani anagonga na kulala, hupati kitu zaidi. Shemeji, na huyu nitamrudia, analipa. Kwahiyo karata zile zile, sufuria ile ile, bei ile ile, kwa Shemeji nafata, kwa Baharia nalala. Hii ilinichukua muda kuikubali kwa sababu nilikuja kwenye poka nikitafuta jibu moja la kila swali.

Turudi kwenye lile swali. Ulidhani nina nini. Niliurudia ule mkono nyumbani nikiwa na pakiti ya karata mezani. Riva nilitakiwa nilipe 60 kugombea 205, ukigawanya ni asilimia 29 na kitu. Haya, Baharia ni wa kwanza kuongea, nyuma yake kuna watu sita, na amepandisha, mtu kama yule hapandishi pale na magarasa. Esi moja ninayo mimi, moja iko mezani, zimebaki mbili. Esi na kingi: esi mbili mara kingi nne, michanganyiko minane. Esi na kwini, minane. Esi na jeki, jeki moja iko mezani, kwahiyo sita. Esi mbili, mmoja tu. Jeki mbili, mitatu. Nane mbili, mitatu. Jumla 29, na yote inanipiga. Ili kufata kwangu kuwe sawa alitakiwa awe na angalau michanganyiko 12 ya kublafu, magarasa matupu anayoyasukuma kwa kifua mara tatu mfululizo, maana 12 kati ya 41 ndo asilimia 29. Sa jiulize, kwa miezi minane nilishamwona Baharia akiblafu mara tatu mfululizo mara ngapi? Moja. Na siku ile alikuwa anaumwa jino.

Kwahiyo hata sikuhitaji kuwa na akili nyingi. Nilihitaji sekunde ishirini za kumfikiria yeye badala ya kujifikiria mimi.

Hapo ndo nikaanza kujiuliza kwa nini nalipa, kama tumbo linajua. Mwanzo nilidhani ni udadisi, kama yule mtu anayesimamisha gari kuangalia ajali. Baadaye nikaona hapana, ni kitu kingine, na naamini ni ugonjwa wa mji huu. Mimi nimekulia Dar. Hapa mtu anaweza kukusamehe umaskini, umbea, kuchelewa, lakini kitu kimoja utachekwa mpaka uzeeni, kuingizwa mjini. Kuuziwa simu kumbe ndani ni kipande cha sabuni. Kusimama pale kwenye karata tatu, ukaona kabisa nyekundu iko wapi, ukaweka hela. Tangu mtoto unafundishwa usikubali kufanywa mjinga, hakikisha, fungua boksi, washa kabla hujalipa. Sasa mtu kama huyo mweke mbele ya dau la sitini. Akilala, hatajua kamwe kama ameibiwa. Akilipa, ameibiwa kihalali, ameona kwa macho yake. Mimi nilikuwa nanunua uhakika. 1,740 kwa miezi mitatu, uhakika wa kwamba hakuna aliyeniingiza mjini, na wote walikuwa wananiingiza mjini kwa kupitia hapo hapo.

Kuna mkono mmoja maarufu huwa naufikiria. Mwaka 2003, Las Vegas, mashindano makubwa ya dunia, watu 839 walianza, wamebaki wawili. Mmoja Chris Moneymaker, ndo jina lake kweli la ukoo, mhasibu kutoka Tennessee aliyepata nafasi kwa kushinda mashindano madogo ya dola 86 kwenye intaneti. Mwingine Sam Farha, mtu wa kazi hiyo, kasinoni ndo ofisini kwake. Mezani tisa, mbili, sita, nane, tatu. Moneymaker ana kingi na saba, alikuwa anasubiri flashi na anasubiri mfululizo, yaani karata tano zinazofuatana namba, vyote vimekosa, hana kitu, na akasukuma vyote katikati. Farha ana kwini na tisa, yaani jozi ya juu kabisa ya pale mezani. Akafikiria sana. Akalala. Moneymaker akaja kuchukua ubingwa na dola milioni 2.5, na ukumbi ukajaa wahasibu, mwaka 2006 walioingia walikuwa 8,773.

Watu wanausimulia mkono huo kwa kumsifia aliyeblafu, sawa, alistahili. Mimi namwangalia Farha. Aliibiwa mbele ya kamera, dunia nzima inajua aliibiwa. Na bado ukiniuliza nani alikuwa mchezaji mzoefu zaidi pale mezani sina wasiwasi wa kujibu. Mtu akicheza poka vizuri ataibiwa, ni sehemu ya bei, asiyeibiwa kamwe ni yule anayelipa kila mara, yaani mimi, na mimi ndo nanunua mishkaki.

Kitu kingine kilichonipunguzia ile safu ya tatu ni kiti. Wanasema ukikaa nyuma, ukawa wa mwisho kuongea, una faida, na mimi nilikuwa naisoma hiyo kama kanuni ya kukariri mpaka siku moja nimekaa kwenye kikao cha harusi. Daftari la ahadi linazunguka. Wa kwanza kuandika hajui upepo unaelekea wapi, anajikamua laki mbili. Wa mwisho anasoma juu, anaona wengine wote wameandika elfu hamsini hamsini, anaandika elfu sitini na anapigiwa makofi. Hela ya wa kwanza ni kubwa mara tatu na zaidi, ila heshima ya wa mwisho ni ya bei poa, kwa sababu tu alisubiri zamu. Ndo kiti hicho. Esi na kumi ukiwa wa mwisho na hakuna aliyepandisha ni mkono mzuri tu. Esi na kumi ukiwa wa kwanza mbele ya watu sita ni kujitolea laki mbili kwenye harusi ya mtu usiyemjua.

Kuna binti wa Norway, Annette Obrestad, aliwahi kuingia mashindano ya intaneti ya watu 180 akaziba karata zake kwenye skrini, hazioni, akawa anacheza kwa kiti, kwa dau na kwa tabia za watu. Alizichungulia mara moja tu. Akashinda. Mwaka huo huo wa 2007, akiwa na miaka 18, akachukua ubingwa mkubwa wa Ulaya pale London. Nilijaribu kibarazani kwetu mikono kumi bila kuangalia karata zangu, nikapoteza vifuniko 38, na bado nadhani ile ilikuwa shule kuliko video zote nilizowahi kuangalia, manake macho yalikosa pa kukaa yakaanza kuangalia watu. Niligundua Mwalimu akiwa na mkono mzuri anaacha kuongea habari za shule.

Haya, Shemeji. Ni shemeji wa Mwalimu ila sasa ni shemeji wa meza nzima. Huyu anafata kila kitu, kila kitu kabisa, na ukimuuliza anakwambia bora nife najua. Nilipoanza kusoma mambo ya kublafu nikasema wa kujaribia ni huyu, anaonekana hana hesabu. Nikasukuma mara tatu nikiwa na magarasa, riva nikaweka themanini, nikamkazia macho kama nilivyoona kwenye video. Akanywa maji. Akafata. Alikuwa na jozi ya nne. Nne! Kuna karata tatu mezani zinazompiga na wala hakuziona. Nikaanza kumlaumu, unawezaje kufata na nne mbili, na Baharia akaninong'oneza, unamlaumu mteja kwa sababu amenunua?

Kumblafu mtu asiyelala ni kumwimbia kiziwi. Mtu anayelipa ili aone, usimtishe, muuzie. Ukiwa na mkono mzuri weka, weka tena, ongeza bei, atalipa. Na ndo nikaelewa, kwa aibu kiasi, kwamba miezi yote ile Baharia hakuwa na ujanja wowote maalumu juu yangu. Alikuwa hanisomi uso wala vidole. Alikuwa ameshaniweka kwenye fungu moja na Shemeji.

Nilijaribu pia zile programu wanaziita solva, unaipa karata na dau inakokotoa namna ya kucheza ambayo hakuna anayeweza kuipiga. Feni ya laptopu yangu ililia kama pikipiki inapanda mlima. Ni vitu vikubwa hivyo, sidharau, mwaka 2017 kule Pittsburgh programu inayoitwa Libratus ya chuo cha Carnegie Mellon ilicheza mikono 120,000 na mabingwa wanne, mmoja mmoja, ikawapiga wote. Ila mimi nilikuwa nakuja na majibu ya solva kibarazani yakawa hayana mtu wa kuyatumia. Solva inadhani mpinzani wako naye hana makosa, kwahiyo inakwambia hapa blafu mara kadhaa, pale fata mara kadhaa, kwa uwiano. Shemeji hana uwiano. Nikaifuta, nikapata nafasi ya picha za watoto.

Kuna jambo la mwisho wa mwezi nalo ni utamu peke yake. Jumamosi ya mwisho yule wa sita na wa saba wanacheza kama wamechomwa sindano, kwa sababu kupoteza vifuniko zaidi hakuwaongezei adhabu, mishkaki ni ile ile. Wa tano ndo anateseka, ana cha kupoteza, analala na mikono ambayo wiki iliyopita angeifia. Thamani ya kifuniko inabadilika kwa kila mtu kulingana na alipo kwenye orodha, na kwenye mashindano ya kweli wanasema ni hivyo hivyo ukikaribia kwenye zawadi. Usiku huo nalipa kuona mara nyingi zaidi dhidi ya wale wawili, na nipo sahihi, manake kweli hawana kitu.

Miezi minne ya karibuni nimelipia mishkaki mara moja. Safu ya kuona kwa mwezi imeshuka kutoka 580 hadi kama 90.

Jumamosi iliyopita nilikuwa na kingi na kwini za pau, mezani kingi ya uru, tisa ya kopa, nne ya shupaza, saba ya kopa, mbili ya pau. Sufuria ina 90, Baharia akaweka 70. Nalipa 70 kugombea 230, asilimia 30. Nilihesabu kweli kweli, midomo inacheza, wakaanza kunitania kwamba nasali. Jozi mbili anaweza kuwa nazo, seti, yaani karata tatu za namba moja, anaweza kuwa nayo, kopa zilizokosa zipo ila yeye kopa zikikosa huwa anagonga. Nikalala. Nikaziweka karata chini kifudifudi, nikashika kikombe ili mkono uwe na kazi.

Baharia akavuta sufuria. Hakuonyesha kitu. Akaanza kuzikusanya karata azichange, afu akasimama, akaniangalia na zile zake mbili bado ziko kidoleni.

"Mdogo wangu, unataka kuona? Vifuniko vitano."

Meza nzima ikanyamaza. Nikasukuma chekundu kimoja. Akageuza karata moja, saba ya shupaza. Kama ya pili ni saba nyingine, ana seti, nimelala kama mtu aliyesoma. Kama ni nane au sita, kaniibia mchana kweupe na kingi zangu.

"Hiyo ilikuwa vitano," akasema. "Ya pili kumi."

Ukifungua daftari langu, Jumamosi hiyo, safu ya tatu, pameandikwa 15.